Kuondoa Slaisi ya Draiva: Mwongozo kwa Tunaofanyia Mazoezi Kigoma

Mpira unatoka vizuri, unapanda, kisha nusu ya safari unaanza kukata kwenda kulia mpaka unaishia kwenye vichaka. Hiyo ndiyo slaisi, na kwa wanaoanza gofu ndiyo inayosumbua kuliko kosa lolote la draiva, yaani ile fimbo ndefu ya kupigia mbali. Inatibika. Tatizo ni kwamba wengi wanaanzia pasipostahili: wanageuza miguu na kulenga kushoto, wakitumaini mpira utajirudisha wenyewe katikati. Wakifanya hivyo slaisi inaongezeka, na sababu yake nitaieleza hapa chini.

Fuata mpangilio huu bila kuruka: uso wa fimbo (sehemu bapa inayogonga mpira) kwanza, kisha njia ambayo fimbo inapita, kisha mahali mpira unapogonga kwenye uso, na vifaa viwe vya mwisho kabisa. Maelezo yote ni ya mtu anayepiga kwa mkono wa kulia. Wewe wa mashoto, geuza kulia kuwa kushoto, mengine yanabaki yalivyo.

Mpira unapinda kwa nini

Uso wa draiva na mpira vinagusana kwa muda wa kama nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ndani ya muda huo mfupi mambo mawili yanaamua karibu kila kitu. La kwanza ni uso wa fimbo unatazama wapi. Kwa draiva, zaidi ya robo tatu ya mwelekeo ambao mpira unaanza nao unatokana na uso. La pili ni kichwa cha fimbo kinasafiri kuelekea wapi. Uso ukitazama kulia kwa njia ya fimbo, mhimili wa mzunguko wa mpira unalala upande wa kulia, na mpira unapinda kwenda huko. Tofauti kati ya hivyo viwili ikikua, na kupinda kunakua.

Angalia maneno hayo: kulia *kwa njia ya fimbo*, si kulia kwa shabaha. Tuseme fimbo yako inapita digrii 6 kwenda kushoto na uso unatazama digrii 2 kushoto. Uso umefungwa (unatazama kushoto) ukilinganisha na shabaha, lakini uko wazi (unatazama kulia) digrii 4 ukilinganisha na njia. Mpira utaanza kushoto kidogo, kisha utapinda kulia. Mchezaji anaona umeenda kulia, anasema "nilenge kushoto zaidi." Mabega yanageuka, fimbo sasa inapita digrii 9 kushoto, uso unabaki pale pale, na tofauti imekuwa 7. Ndiyo maana kulenga kushoto hakuponyi.

Utauliza mbona chuma namba 9, fimbo fupi ya mapigo ya karibu, haikusumbui hivyo. Chuma namba 9 ina mwinuko mkubwa wa uso, yaani uso umelala zaidi kutazama juu, inaupa mpira mzunguko mwingi wa kurudi nyuma, na mzunguko huo unameza sehemu kubwa ya kosa. Draiva nyingi zina mwinuko wa digrii 9 hadi 12 tu. Uso uliosimama hivyo hausamehe. Ongeza kwamba draiva ndiyo fimbo ndefu kuliko zote mfukoni, na mpira unakwenda kasi na mbali, kwa hiyo kosa dogo linapata nafasi ya kukua. Digrii moja ya kuanza vibaya ni mita 3 na nusu pembeni ukifika mita 200, na hapo hatujahesabu kupinda.

Andaa mahali pa kupigia

Hapa Kigoma tuna bahati ambayo wapiga gofu wa miji mingi hawana: nyavu. Nenda Kibirizi asubuhi, kwenye mwalo wa dagaa, uulize wavuvi nyavu zilizostaafu kazi. Wavu wa dagaa una matundu madogo kuliko kidole, na mpira wa gofu haupungui milimita 42.67 kwa kipenyo, kwa hiyo haupenyi kirahisi. Tatizo la wavu mzee ni jua. Kabla ya kulipa, shika kipande kwa mikono miwili uvute kwa nguvu. Ukisikia nyuzi zinakatika, achana nao hata kama unauzwa bei ya kutupa.

Utundike mara mbili, tabaka juu ya tabaka, kwenye nguzo mbili au tawi imara la mwembe, na uuache ulegee. Wavu uliokazwa unarudisha mpira usoni mwako. Chini usiufunge, uache upindo mrefu unaolala ardhini. Mji wetu ni wa miinuko, basi tafuta sehemu yenye kingo ya udongo nyuma ya wavu, ili siku tundu litakapotokea mpira uishie kwenye udongo badala ya kwa jirani. Simama mita 3 kutoka kwenye wavu. Kila siku kabla ya kuanza upitishe macho wote, hasa katikati panapopigwa zaidi.

Funga utepe wa kitambaa wima katikati ya wavu, kuanzia chini hadi usawa wa kifua. Hiyo ndiyo shabaha. Mpira wa draiva ukiwa mita 3 mbele haujapanda sana, kwa hiyo utagonga kati ya goti na kiuno.

Kiangazi ardhi inakauka na kuwa ngumu, tii ya mbao, kile kijiti cha kuwekea mpira, haiingii. Kata kipande cha bomba la maji la mpira, lile la kumwagilia bustani, chenye urefu wa sentimita 4 hivi, kisimamishe juu ya ardhi na weka mpira juu yake. Kimo kizuri ni kile ambacho ukiweka draiva nyuma ya mpira, nusu ya mpira inaonekana juu ya kichwa cha fimbo. Ukiona zaidi au pungufu, ongeza au punguza bomba.

Unahitaji pia chaki ya darasani, simu yenye kamera, fito mbili nyoofu za mwanzi, na boksi tupu jepesi kama la viatu.

Na watoto. Sehemu yoyote yenye mpira huvutia watoto, na mpira wa gofu unaotoka kwenye draiva unaweza kuua. Mtu yeyote akiwa mbele yako au pembeni karibu, weka fimbo chini. Usikubali kuambiwa "piga tu, watahama."

Hatua ya kwanza: pima kabla ya kubadilisha chochote

Paka chaki yenye unyevu kidogo kwenye uso wa draiva, iache ikauke. Piga mipira kadhaa kwa namna yako ya kawaida, bila kujirekebisha. Kwa kila mpira andika mambo mawili: umegonga wavu wapi kulinganisha na utepe, na alama kwenye chaki iko wapi.

Wavu hauonyeshi kupinda, lakini unaonyesha mpira ulivyoanza, na kuanza ni habari ya uso wa fimbo. Ukiwa mita 3, kila digrii moja ni kama sentimita 5 kwenye wavu. Mpira ukigonga sentimita 25 kulia kwa utepe, umeanza karibu digrii 5 kulia, na uso ulikuwa wazi kwa kiasi kinachokaribia hapo. Ukigonga kushoto kwa utepe, wakati unajua kwamba uwanjani mipira yako inaishia kulia, maana yake fimbo inapita kushoto mno na uso haujaifuata.

Hizo ni slaisi mbili tofauti, na zinataka kazi tofauti. Inayoanza kulia na kuzidi kwenda kulia ni ya uso, na dawa yake iko hatua ya pili na ya tatu. Inayoanza kushoto kisha ikarudi kulia ina tatizo kubwa la njia, lakini hata huyo apite kwanza kwenye hatua ya uso. Ukinyoosha njia wakati uso bado uko wazi, mipira itaanza kwenda kulia moja kwa moja, utaogopa, na utarudi kulenga kushoto ndani ya wiki.

Hatua ya pili: mikono kwenye mpini

Hapa ndipo ninapotaka utumie muda mwingi kuliko kote. Slaisi nyingi nilizoziona zilianzia kwenye mkono wa kushoto kabla fimbo haijasogea hata kidogo.

Ukitaka kujua mtu anashika vipi, omba glavu yake. Mzee mmoja wa Mwanga ninayefanya naye mazoezi alikuwa analalamika kwamba glavu haimalizi miezi miwili.

"Shikamoo mzee. Naomba niitazame hiyo glavu."

"Marahaba, bwana mdogo. Utaona nini kwenye glavu iliyochakaa?"

Ilikuwa na tundu moja tu, chini kabisa ya kiganja, upande wa kidole kidogo, pale panapokaribia kifundo cha mkono. Vidoleni ngozi ilikuwa nzima kama ya dukani. Maana yake mpini ulikuwa umelala kwenye kiganja, na kila akipiga unasuguana pale. Mpini ukilala kiganjani, mkono hauwezi kuuzungusha uso urudi kwenye mpira kwa wakati.

Fanya hivi. Simama, acha mkono wa kushoto uning'inie wenyewe pembeni mwa paja. Utaona kiganja hakitazami mbele wala hakitazami paja moja kwa moja, kimegeuka kidogo kuelekea nyuma. Hivyo ndivyo mkono unavyotaka kukaa. Lete mpini kwenye vidole ukiwa hivyo hivyo: upite kwenye pingili ya katikati ya kidole cha shahada na kutokea chini kidogo ya shina la kidole kidogo. Funga vidole kwanza, kiganja kifuate juu yake, na dole gumba likae kulia kidogo kwa katikati ya mpini.

Sasa tazama chini bila kuinamisha shingo. Unapaswa kuona vifundo viwili vya vidole vya mkono wa kushoto, na mwenye slaisi kubwa aone vitatu. Ukiona kimoja au usipoona chochote, mkono umegeukia kushoto mno na uso utafika kwenye mpira ukiwa wazi. Mkunjo wa herufi V kati ya dole gumba na kidole cha shahada uelekee bega la kulia.

Mkono wa kulia uje kutoka pembeni, mpini ukae kwenye vidole vya kati, na mfinyo wa kiganja ulifunike dole gumba la kushoto. V ya mkono huu nayo ielekee bega la kulia. Ikiwa inaelekea kidevu au bega la kushoto, mkono wa kulia utakuwa unafungua kile ambacho wa kushoto umefunga. Kuunganisha vidole ni hiari yako: wapo wanaolaza kidole kidogo cha kulia juu ya mkono wa kushoto, namna iliyopata jina la Harry Vardon, na wapo wanaofumanisha vidole kama Jack Nicklaus na Tiger Woods. Kwa slaisi haina uzito mkubwa.

Usikaze. Mkono uliokaza unafunga kifundo, na kifundo kilichofungwa hakizungushi uso. Shika kwa nguvu ya kutosha tu fimbo isiteleze.

Onyo: mshiko mpya utakukera. Utahisi kama unaenda kupiga mpira kushoto kwa kila mtu. Siku za kwanza usipige hata mpira mmoja kwa nguvu. Kaa nyumbani jioni, shika fimbo, achia, shika tena. Fanya hivyo ukisikiliza redio au ukisubiri chakula, mpaka mikono iende yenyewe mahali pake bila kuitazama.

Hatua ya tatu: uso juu ya bega, na uso mbele ya mpira

Weka simu nyuma yako, kwenye mstari wa mikono, kimo cha kiuno, ikitazama kwenye wavu. Rekodi ukipandisha fimbo, kisha isimamishe picha sehemu mbili.

Ya kwanza ni fimbo ikiwa imelala sawa na ardhi, mikono usawa wa kiuno. Ukingo wa mbele wa uso uwe na mwinamo unaokaribia wa mgongo wako. Ukiona uso umelala kabisa ukitazama angani, umeshaufungua mapema, na kazi ya kuufunga itabidi ifanyike kwenye nusu ya sekunde ya mwisho.

Ya pili ni juu kabisa. Tazama mgongo wa mkono wa kushoto na kifundo chake. Ukiwa umenyooka sambamba na mkono wa mbele (kati ya kifundo na kiwiko), vizuri. Ukiwa umekunjwa kwa nyuma, ngozi ya glavu ikajikunja karibu na saa, uso umefunguka. Rekebisha mbele ya kioo: panda juu, simama, nyoosha mgongo wa mkono, shuka taratibu, rudia.

Kisha zoezi la kuufunga uso. Inua draiva mbele yako usawa wa kiuno, hakuna mpira, uipeleke kulia na kuirudisha kushoto kwa mkupuo kama mtu anayefyeka nyasi. Mkono wa mbele wa kulia utaona unajigeuza wenyewe juu ya ule wa kushoto baada ya katikati. Mgeuko huo ndio unaokosekana kwenye slaisi. Shusha usawa kidogo kidogo, kiunoni, pajani, gotini, mpaka fimbo inapita usawa wa mpira, na mgeuko uwe ule ule.

Rudi kwenye mpira kwa nusu mzunguko: mikono ipande mpaka usawa wa kiuno, ishuke, iishie usawa wa kiuno upande wa pili, na ncha ya fimbo ielekee juu mwishoni. Kwa sasa unataka mipira igonge wavu *kushoto* kwa utepe. Ndiyo, kushoto. Ukiweza kuipeleka kushoto kwa kutaka, uso umekuwa mali yako. Usiende hatua inayofuata kabla ya hapo.

Hatua ya nne: kusimama

Laza mwanzi mmoja ardhini kuelekea kwenye utepe, mbele kidogo ya mpira, na mwingine sambamba mbele ya vidole vya miguu. Mpira uwe sawa na upande wa ndani wa kisigino cha kushoto. Wenye slaisi wengi huusogeza mbele zaidi, karibu na vidole vya mguu wa kushoto, na ili fimbo iufikie inabidi mabega yafunguke kuelekea kushoto. Miguu iko sawa, mabega hayako sawa, na fimbo hufuata mabega.

Pima hivi: ukiwa umesimama tayari, weka fimbo kifuani ikivuka mabega yote mawili, utazame inaelekea wapi. Ikielekea kushoto kwa mwanzi, sogeza mpira nyuma kidogo na vuta bega la kulia nyuma. Bega la kulia liwe chini kuliko la kushoto, kwa sababu mkono wa kulia umeshika chini zaidi, na mgongo uinamie kulia kiasi. Mwinamo huo unasaidia fimbo ikutane na mpira ikiwa inapanda, jambo ambalo draiva inalipenda.

Hatua ya tano: njia ya fimbo

Fimbo inayopita kutoka nje kwenda ndani huwa na mwanzo mmoja unaojirudia: kufika juu, kisha bega la kulia kurukia mbele kuelekea mpira. Ni tamaa ya kupiga kwa nguvu. Mwili wa juu unaanza, miguu inafuata, na fimbo inatupwa nje ya mstari.

Weka lile boksi tupu nje ya mpira, upande wa mbali na wewe, nyuma kidogo. Kipimo: nyuma ya mpira sentimita 25 hivi, na nje ya mstari kiasi kwamba kichwa cha draiva kinapita ndani yake kikiwa na nafasi ndogo tu. Ukishusha fimbo kutoka nje, utaligonga boksi. Tumia boksi jepesi tu, usiweke tofali wala kitu kigumu. Anza polepole mno, bila mpira, kisha na mpira.

Likikushinda, vuta mguu wa kulia nyuma sentimita 15 hadi 20, mabega yakiwa yale yale ya hatua ya nne. Mguu ukiwa nyuma, nyonga inapata nafasi na fimbo inapata njia ya kushukia ndani. Piga hivyo kwa siku kadhaa, kisha rudisha mguu taratibu.

Na mwendo wa kushuka: ukifika juu, kabla mikono haijafanya lolote, sikia uzito unaingia kwenye kisigino cha kushoto. Mgongo ubaki umegeukia kwenye utepe kwa muda kidogo zaidi ya unavyopenda. Mwanzoni simama kabisa juu, hesabu moja, hamisha uzito, ndipo mikono ishuke. Ni zoezi la kuchosha na halivutii kwa mtazamaji, lakini kwa njia ya fimbo sijaona linalolishinda.

Tazama wavu tena. Uso ukiwa umetengenezwa na njia ikanyooka, mipira itaanza kukusanyika karibu na utepe badala ya kutawanyika pande zote mbili.

Hatua ya sita: alama ya chaki

Paka chaki upya. Alama zikiwa upande wa kisigino cha fimbo, yaani karibu na shingo, pale kichwa kinapoungana na fimbo, utapata slaisi hata kama uso na njia ni safi. Kichwa cha draiva kikigongwa kisigino kinajipindua kidogo, na kwa kuwa uzito wake uko mbali nyuma ya uso, kujipindua huko kunausukuma mpira uzunguke kwenda kulia. Ukigonga upande wa ncha, mpira unazungushiwa kushoto.

Sababu za kugonga kisigino ni chache: umesimama karibu mno, uzito wako uko kwenye vidole vya miguu na unaangukia mbele, au bado fimbo inatoka nje. Sogea nyuma nusu hatua, uzito uwe katikati ya nyayo, na unapojiandaa weka ncha ya fimbo nyuma ya mpira badala ya katikati ya uso. Piga mpaka alama zihamie katikati.

Uwanja wa wazi

Wavu ukishakupa majibu mazuri, tafuta uwanja mpana usio na watu uone mpira ukiruka. Nenda asubuhi mapema. Mchana joto likipanda, upepo wa ziwa unaingia nchi kavu, na upepo wa usoni unakuza kila kupinda wakati ule wa mgongoni unakuficha. Usihukumu mshiko wako kwa mpira uliopigwa saa tisa alasiri ukitazama ziwani.

Piga kwa robo tatu ya nguvu zako. Mpira ukinyooka kwa robo tatu na kupinda kwa nguvu zote, bega la kulia limerudia mchezo wake, na jibu liko hatua ya tano.

Vifaa

Fimbo nyingi tunazotumia ni za mkono wa pili, na ndiyo maana nimeziweka mwisho lakini sikuziacha. Mpini uliochakaa ukawa laini unakulazimisha kukaza mikono. Usugue kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kwa brashi ya kufulia, ukaushe kivulini, na usiporudi kushika, ubadilishe. Chungulia pia kama mpini umejizungusha kwenye fimbo, maana ile mistari yake inaweza kuwa inakuongoza kushika vibaya.

Ukiwa na uchaguzi, draiva yenye digrii 10.5 au 12 ni rafiki kwa mwenye slaisi kuliko ya 9. Kama kichwa kina kirekebishi shingoni, weka upande unaofunga uso na kuongeza mwinuko, na kama kina vizito vya kuhamisha, peleka karibu na kisigino. Fimbo ngumu kuliko kasi yako nayo huwa inachelewesha uso. Hivyo vyote vinapunguza slaisi, havitaiondoa kwa mtu ambaye glavu yake inatoboka kiganjani.

Siku ya mashindano

Ukisafiri kwenda kucheza Morogoro, Lugalo au kwingineko, na treni ya reli ya kati inakupa muda mrefu wa kufikiri, usibadilishe kitu chochote kwenye wiki ya mwisho. Cheza na mpira ulionao. Simamisha mpira upande wa kulia wa eneo la kuanzia, ndani ya alama, ili upate njia ya kutazama mbali na hatari ya kulia. Unaruhusiwa kurudi nyuma ya alama mpaka urefu wa fimbo mbili ukitafuta pa kusimama vizuri. Njia ya kuelekea shimo ikiwa nyembamba na mpaka uko kulia, draiva ibaki mfukoni. Mpira ukienda nje ya mipaka unaongezewa pigo moja na unarudi kupiga ulipokuwa, na wa kutafutwa una dakika 3 tu tangu kanuni zibadilike 2019. Ukihofia umepotea au umetoka, tangaza mpira wa muda na upige kabla ya kwenda kutafuta.

Ukianza kupinda kushoto

Itatokea. Baada ya wiki kadhaa za mshiko mpya na njia iliyonyooka, mpira utaanza kukata kwenda kushoto, wakati mwingine kwa ukali. Hiyo ni huki. Usirudi kwenye mambo ya zamani. Kama ulikuwa unaona vifundo vitatu vya mkono wa kushoto, rudisha viwe viwili na nusu, kisha viwili, na piga mipira michache kwa kila badiliko huku ukitazama utepe. Ukiwa ulivuta mguu wa kulia nyuma kwenye hatua ya tano, hakikisha umeurudisha kweli, kwa sababu huwa unabaki nyuma bila mwenyewe kujua. Ubadilishe kimoja kwa wakati mmoja, uandike ulichobadilisha na mpira uligonga wapi, na uache chaki ibaki kwenye uso wa fimbo muda wote huo.